Viazi Kwenye Nyasi za Mkuu wa Chuo

Sijui nianzie wapi bila kujiaibisha, kwa hivyo wacha nijiaibishe mara moja tumalize: mimi ndiye yule afisa wa chuo aliyesimama katikati ya nyasi za Mkuu wetu akiwa amevaa suti yake ya harusi, mgongoni amejaa alama za viganja vyeupe, mkononi ameshika mwiko, anakoroga viazi juu ya moto uliokuwa ukila mali ya chuo, huku kengele ya hatari inalia na wanafunzi wote wametoka madarasani kumtazama. Picha zilipigwa. Binamu yangu wa Bungoma alinipigia simu jioni ile ile kuniuliza kama nimefutwa kazi nikaamua kufungua hoteli (nilimwambia simsikii vizuri, nikakata). Lakini ninyi ni watu wangu, na nikiwasimulia mpaka mwisho mtaelewa kwamba siku hiyo, pamoja na aibu yote, niliona jambo lililoniacha mdomo wazi, na sijui kama nimewahi kuufunga tangu hapo.

Kwa wasionijua, naitwa Wafula, nimezaliwa hapa hapa Nakuru katika nyumba za reli ambako babu alikuja kutafuta kazi asirudi, na kibarua changu ni kushughulikia maslahi ya wanafunzi katika chuo kikuu ambacho jina lake nitalimeza, maana bado nakula mshahara wao. Wanafunzi huniita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha hata herufi moja. Kazi yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa ni hosteli tu, maji yamekatika, kunguni wamerudi, fulani kaibiwa laptopu, fulani kapika kwa koili akazima stima jengo zima. Wale wanaosoma wakitokea kwao kila siku, ambao sisi tunawaita wa nyumbani, hao hawakuwahi kuja kulia ofisini kwangu, kwa sababu ofisi ikifunguliwa wako darasani na ikifungwa wameshaondoka, na mtu asiyelia ni rahisi kudhani ameshiba.

Nilikuja kuwajua kupitia msichana mmoja wa mwaka wa pili, Chelang'at, anayesomea hesabu. Kulikuwa na wiki nilikuwa nafika kazini mapema (gari la jirani lilikuwa linanipa lifti, tusiingilie hayo), na kila asubuhi namkuta amekaa kwenye ngazi za maktaba, mlango haujafunguliwa, amejifunika leso juu ya sweta, anakula viazi baridi kutoka kwa mkebe huku anasoma. Nikimuuliza vipi ananiambia yuko sawa. Siku ya pili yuko sawa. Siku ya tatu, baridi ile ya Julai inayotoka Molo na kushuka mpaka huku bila kuulizwa kitambulisho, bado yuko sawa. Ilichukua muda ndipo akaniambia kwamba kwao ni mbele ya Molo, kwamba kuna lori humleta Nakuru kabla hakujapambazuka na kumrudisha jioni likitoka sokoni, na kwamba katikati ya hapo hana mahali pa kukaa, pa kupasha chakula, wala pa kuweka begi. Kisha akaniambia muhula ukiisha anaacha. Nikaruka. Nikamuuliza kama ni masomo, akasema masomo anapita. Karo je, akasema karo ina mpango.

"Nimechosha watu, Mwalimu," akasema, akafunga mkebe wake.

Sikuelewa. Nilidhani ni yeye amechoka na anaona haya kusema.

Basi nikaingiwa na kitu. Nyuma ya maktaba kuna stoo iliyokuwa imejaa dawati zilizovunjika tangu enzi ya Mkuu aliyetangulia, miguu juu, buibui mpaka dirishani, na nikawaza kwamba stoo hiyo ikitolewa uchafu, ikawekwa viti, soketi, kabati za mabegi na kitu cha kupasha chakula, ikafunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, basi wa nyumbani watakuwa na kwao hapa chuoni. Nikaandika ombi. Kumbe wahadhiri nao walikuwa wanaitaka stoo hiyo hiyo iwe jimu yao ya kupunguza vitambi, na walikuwa wameshachagua hata rangi ya ukuta. Mkuu wetu, Daktari, ni mama mnyoofu asiyependa hadithi ndefu. Aliniita akaniambia hao wa nyumbani ninaowatetea yeye hawaoni, akichungulia dirishani jioni anaona hosteli imewaka taa na uwanja mtupu, kwa hivyo niwalete pamoja na wazazi wao siku moja awaone kwa macho yake. Angekaa nusu saa, na akiondoka hapo ataamua ni chumba cha wanafunzi au ni jimu. Mambo yote yakawa yananing'inia kwenye hiyo nusu saa, na Chelang'at akiwa ananing'inia nayo.

Sasa sikilizeni kosa lilipozaliwa. Niliketi kuandika ujumbe wa kuwatumia wanafunzi, nikaandika kwamba kila mmoja aje na mzazi. Kidole kikiwa tayari kutuma, nikamkumbuka Chelang'at, ambaye wazazi wake hawapo na amelelewa na nyanya yake, na nikawaza wengine wangapi wako hivyo, nikaona neno mzazi litawaumiza. Nikalifuta. Nikaandika kwamba kila mwanafunzi aje na wale wanaomsaidia kufika chuoni. Sikuweka idadi, maana nilijiambia ni siku ya kazi, nani ataacha shamba lake aje kunywa chai chuoni? Nikamwambia Wambui, mpishi wetu, apike cha kutosha ukumbi mdogo na akibakisha tutabeba nyumbani. Wambui akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia mimi ni mtu wa maslahi, watu nawajua.

Siku ikafika. Nikavaa suti ya harusi (bado inanitosha nikiwa sijakula), nikapanga viti, nikabandika karatasi za kuonyesha njia, nikajipongeza. Simu ya kwanza ilikuwa ya askari wa geti, sauti yake ya chini kabisa kama anaripoti msiba.

"Mwalimu, kuna lori hapa la viazi. Linasema limealikwa."

Nikamwambia ni lori la jamaa anayemleta mwanafunzi wetu, dereva aruhusiwe aingie. Akaniuliza, na hawa walio nyuma? Nikasema hao pia, nikidhani ni wawili watatu. Lori likaingia likapanda mpaka mbele ya jengo la utawala, likasimama, na juu ya magunia wakaanza kushuka watu. Wazee na fimbo zao, akina mama na vikapu, kijana na pampu ya baiskeli mkononi, mchungaji na Biblia, watu ambao dereva, Kamau, alikuwa amewaokota tangu Molo, Elburgon mpaka Njoro, kila mahali ambapo mwanafunzi wetu alikuwa amesema, na wewe pia uje. Kamau akaruka chini akanisalimia kwa mikono miwili. "Boss, umefanya vizuri sana kutukumbuka," akaniambia, na nilipomtazama nikaona kwamba alikuwa ameliosha lori lake na kuvaa tai.

Kabla sijapumua likaja kundi la Kariandusi. Huko, kama mnavyojua, wanachimba ule udongo mweupe mwepesi kama unga, na mwanafunzi wetu mmoja wa huko huletwa barabarani kila alfajiri na trekta la machimboni. Basi waliosukuma hilo trekta likikwama, na aliyekuwa akilipiga starti, na msimamizi anayefumba macho akiona kijana wa chuo amepanda, wote walikuwa wametoka shifti moja kwa moja bila kunawa, weupe kuanzia nywele mpaka viatu, macho tu ndiyo unayaona. Wakanikumbatia mmoja baada ya mwingine. Suti yangu ni ya bluu iliyokolea. Hakuna aliyeniambia, na mgongo wako huwezi kuuona, kwa hivyo saa zote zilizofuata nilitembea mbele za watu wa heshima nikiwa nimepigwa chapa za viganja kama ukuta wa shule ya nasari.

Ukumbi ulijaa, viti vikaisha, benchi za kanisa la jirani zikaletwa, zikaisha, watu wakasimama madirishani kwa nje na kuingiza vichwa. Mpango wangu ulikuwa salamu fupi, Daktari aongee, chakula, kwaheri. Lakini nilikuwa na wasiwasi ukumbi utalala kabla Daktari hajafika, na hapo nikafanya ujinga wa pili: nikachukua maikrofoni nikasema wageni wajitambulishe kwa kifupi. Wenzangu, mmeishi nchi hii, mshawahi kumwona Mkenya akijitambulisha kwa kifupi? Wa kwanza alimshukuru Mungu, akamshukuru Gavana ambaye hakuwepo, akaimba beti mbili. Wa pili akasema yeye si mtu wa maneno mengi, na hapo nikajua tumekwisha. Nilikuwa nimesimama pale na tabasamu la emsii wa harusi, naomba makofi ya maua, naomba makofi ya kilo mbili, huku Wambui ananivuta koti kwa nyuma.

Alinivuta mpaka mlangoni akaniambia chakula chote kimeisha kwenye madirisha mawili ya kwanza. Ukumbi wenyewe haujaonja.

Hapo akatokea mama mmoja mfupi, mnene, mwenye kanzu ya kitenge na viatu vya plastiki, ambaye sikujua ni wa mwanafunzi gani. Nilikuja kujua anaitwa Mama Atieno na ana kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, mkabala na geti letu, ambako mimi mwenyewe nimekunywa chai mara ngapi sijui. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, wageni wa chakula ndio wapishi wa chakula, na alikuwa ameshaongea na Kamau, ambaye alikuwa ameleta magunia mawili ya viazi kama zawadi ya chuo. Jiko la Wambui akalitazama mara moja akatikisa kichwa, akasema hilo ni la kupikia watoto uji. Akatoka nje, akina mama kama kumi na kitu nyuma yake, na mimi nikarudi kwenye maikrofoni nikiwa nimetulia, mjinga mimi, maana mtu alikuwa amechukua mzigo.

Baada ya muda akarudi dirishani akaniita kwa kidole.

"Baba, kuni ziko wapi?"

Nilikuwa katikati ya kumkatiza mzee aliyekuwa ameanza historia ya barabara ya kwao. Kichwani mwangu kulikuwa na mambo kumi. Nikatoa funguo mfukoni nikamwonyesha stoo nyuma ya maktaba, nikasema kule kuna mbao mbovu. Hiyo ndiyo sentensi iliyoniweka kwenye faili.

Kwa sababu, kwanza, mbao mbovu zilikuwa dawati za chuo, kila moja na namba yake ya rangi nyekundu. Pili, akina mama hawakuchukua mbili tatu, walipanga mstari wakazitoa zote kwa kupokezana, na kijana wa pampu akawa anazivunja kwa goti. Tatu, mafiga. Sikuwa nimeulizwa kuhusu mafiga. Njia ya kwenda ofisi ya Mkuu imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mawe hayo yana ukubwa mzuri sana, ukiyatazama kwa jicho la mpishi. Na nne, mahali palipokuwa wazi, tambarare na karibu na bomba la maji palikuwa pale tu kwenye nyasi za Daktari, zile anazozimwagilia mwenyewe Jumamosi, zile zenye kibao kinachokataza hata kuzikanyaga, na wafanyakazi wapya huonyeshwa kibao hicho kabla ya kuonyeshwa vyoo.

Nilijua kuna jambo moshi ulipoanza kuingia ukumbini. Nilipotoka mbio nikaona sufuria tatu za kanisa, moto unanguruma, na upepo wa kutoka Menengai umeubeba moshi wote na kuuingiza kwenye madirisha ya utawala kana kwamba umetumwa. Kengele ikalia. Mhasibu akatoka amekumbatia kompyuta. Madarasa yakafunguka, wanafunzi wakamiminika, na walipoona kinachoungua ni viazi hawakukimbia, walipanga foleni. Mama Atieno akanipa mwiko akaniambia nishikilie hapo kidogo anatafuta chumvi. Nikaushika. Ukishikishwa mwiko na mama wa umri wa mama yako unafanya nini? Nikakoroga, na hivyo ndivyo Daktari alivyonikuta alipotoka katika mlango wa jengo lake akifuta macho kwa leso.

Alikuja polepole. Akatazama nyasi, akatazama mawe yake, akazunguka nyuma yangu na nikamsikia akisimama (ndipo aliona mgongo), akarudi mbele. Watu wakaanza kunyamaza, kwanza walio karibu halafu wa mbali, mpaka ukawa unasikia viazi vinachemka. Wale wa ukumbini nao walikuwa wametoka na kuzunguka. Nilitaka ardhi ipasuke, na Bonde la Ufa lote hili, mahali ambapo ardhi ina uzoefu wa kupasuka, siku hiyo ilikataa.

"Bwana Wafula," akasema, "nilikuomba wazazi. Hawa wote ni akina nani?"

Nikatazama umati. Na kusema ukweli sikujua. Nilikuwa nimewaalika watu nisiowajua waje kwa kazi nisiyoielewa, na sasa nilikuwa nimeteketeza tumaini la chumba chetu pamoja na dawati zake, na muhula ulikuwa umebaki wiki chache tu. Macho yalinijaa maji, nikashukuru kwamba kuna moshi.

Ndipo nikaona Chelang'at akitoka katika kundi. Huyu msichana ambaye hajawahi kunipa jibu refu zaidi ya niko sawa alisimama mbele ya Mkuu, mikono ameishika nyuma, akasema ataonyesha walio wake. Akaanza na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, akasema huyu ni jirani, huwa anaamka kusali usiku, na akimaliza sala hupiga ukuta wa nyumba yao kwa fimbo ili yeye aamke, kwa kuwa kogo, yaani nyanya yake, hasikii saa ikilia. Huyu kijana wa pampu ni mtoto wa mzee huyo, humsindikiza na tochi mpaka barabara kuu kwa sababu ya mbwa, halafu hurudi kulala. Huyu ni Kamau, humbeba kwenye lori na hajawahi kumwacha, hata siku lori lilipokuwa na mzigo mwingine wa kuelekea kwingine, alimtafutia lori la mwenzake akamkabidhi kama mzigo wa mayai. Huyu ni mke wa Kamau, humwekea blanketi ndani ya lori. Huyu mchungaji ndiye alimnunulia viatu. Halafu akafika kwa Mama Atieno, akamshika mkono, akasema huyu humfungulia kibanda asikae gizani mpaka kupambazuke, na jioni hungoja naye mpaka lori litoke sokoni.

Alipomaliza, kijana wa Kariandusi akajitokeza akaonyesha wachimbaji wake waliojaa udongo mweupe. Kisha mwingine, msichana wa Njoro, akawaonyesha shangazi yake na mwenye bodaboda. Kisha mwingine. Hakuna aliyewaita. Hotuba zile ndefu za ukumbini sikuzisikia tena, kila mtu sasa alikuwa anasema kwa ufupi kabisa, huyu hunifanyia hivi, huyu hivi, na kila aliyetajwa alikuwa anatazama chini kama ametajwa kwa kosa. Jamani, mimi nimekuwa katika mambo ya maslahi miaka yote hiyo, nimeenda semina, nina vyeti, na sikuwahi kuwaza kwamba mtoto mmoja akifika darasani saa mbili amepitia mikononi mwa watu wangapi gizani. Nilisimama na mwiko wangu. Nchi nzima kutoka milima ya Molo mpaka machimbo ya Kariandusi inaamka usiku kusukuma watoto wachache waende shule, halafu inarudi kulala bila kumwambia mtu. Sijui kama ninyi mmewahi kusimama mbele ya kitu kikubwa mkajiona wadogo na mkafurahi kuwa wadogo. Mimi siku hiyo nilifurahi.

Daktari naye alikuwa ameguswa, nilimwona. Alivua miwani akaipangusa. Akawashukuru wageni kwa sauti nyororo ambayo sikujua anayo, akasema hajawahi kuona jambo kama hili, na kwamba amejifunza. Mimi nikaanza kutabasamu. Kisha akanigeukia.

"Nilidhani hawa watoto hawana mtu," akasema. "Kumbe wana watu kuliko wale wa hosteli. Nimefarijika. Basi chumba hawakihitaji."

Nikaacha kutabasamu. Maana nilikuwa nimeleta ushahidi mzuri kupita kiasi, nimewaonyesha watu hawa wakiwa wameng'aa hivi, na huko kung'aa kwao ndiko kunatunyang'anya chumba. Wahadhiri wawili wa jimu waliokuwa kwenye foleni ya viazi wakatazamana. Nilijaribu kusema kitu, nikasema, lakini Daktari, halafu nikakwama hapo, nikabaki nakoroga.

Mama Atieno alikuwa amerudi na chumvi. Akaiweka chini, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Daktari, mimi sijui kuongea," akasema. "Umesema huyu mtoto ana watu. Ni kweli ana watu. Lakini sisi tumechoka."

Akanyoosha mkono kuelekea getini.

"Mimi hufungua kibanda usiku, na hiyo saa hakuna mteja. Hata mmoja. Nafungua juu yake, asisimame peke yake kwa barabara. Jioni nimemaliza kuuza, naketi tena tumngoje Kamau. Sijakataa, na sitakataa, hata mukininyima hiyo nyumba kesho nitafungua. Lakini miguu yangu inafura. Mukimpa huyu mahali pa kukaa, mimi nitalala. Si ati nitamwacha. Nitalala tu."

Kamau alikuwa anatazama viatu vyake. Yule mzee wa sala aliitikia kwa kichwa, mara moja, polepole. Na Chelang'at alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na hapo ndipo nikaelewa alichoniambia kwenye ngazi za maktaba, kwamba wala si yeye aliyechoka, alikuwa ameyaona macho ya watu hawa kila asubuhi na hakutaka kuwa mzigo wao tena, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia kwamba amechoka.

Daktari akavaa miwani yake. Kisha akaomba aonyeshwe hiyo stoo. Tukaenda, na watu wote nyuma yetu, na sahani zao. Mlango ulikuwa wazi. Akina mama walipotoa dawati ya mwisho walikuwa pia wamefagia, kwa sababu ndivyo walivyo, na wamepangusa dirisha, na chumba kilikuwa kitupu, kina mwanga, kikubwa kuliko nilivyokidhania. Akauliza dawati ziko wapi. Wambui akatazama ukuta.

"Ziko chini ya viazi, Daktari," nikasema.

Hakucheka, msije mkasema nimesema alicheka. Aliingia ndani akazunguka, akawasha taa ikawaka, akaizima. Akauliza kama chumba kitakuwa wazi alfajiri, nani atakifungua, maana askari wa usiku hawaruhusiwi kuacha geti na wa maktaba hafiki mapema. Nikageuka nione nani atajibu, na nikakuta umati wote ule, watu wa tochi na wa fimbo na wa trekta, wananitazama mimi, kwa upole kabisa, bila kunilazimisha, vile unavyomtazama mtu wa kwenu ambaye unajua atasema ndiyo.

"Mimi," nikasema.

Basi. Chumba tukapata. Barua ya onyo nikapata pia, ukurasa mzima, imetaja dawati, mawe na nyasi, kila kimoja na aya yake. Wahadhiri wa jimu hawanisalimii mpaka leo. Suti niliipeleka dobi akanirudishia akisema udongo huo hautoki wote, na mke wangu akakataa kuizungumzia. Chelang'at yuko mwaka wa nne sasa. Na nimeapa mbele yenu kwamba maishani mwangu sitaandika tena mwaliko bila idadi, sitamwambia Mkenya ajitambulishe, na mtu akiniuliza kuni ziko wapi nitamwambia sijui, hata kama nimezikalia.

Lakini niwaambie la juzi. Nilifika chuoni kukiwa bado giza, baridi imenishika masikio, nikafungua chumba, nikawasha taa, nikaweka maji ya chai. Lori la Kamau likapunguza mwendo barabarani, Chelang'at akashuka, na nyuma yake wengine wakaanza kuingia getini kwa miguu na tochi zao ndogo, wananiamkia mmoja mmoja. Nikatoka mpaka barabarani kuangalia kama kuna aliyebaki. Hakukuwa na mtu. Ng'ambo, kibanda cha Mama Atieno kilikuwa kimefungwa, ubao umeegemezwa mlangoni, hakuna moshi, hakuna taa, na nilisimama pale nikikitazama kibanda kilichofungwa kama mtu anayetazama ajabu ya dunia, mpaka Chelang'at akaja kuniita ndani maji yamechemka. Mama alikuwa amelala. Mimi ndiye nilikuwa macho, napiga miayo, na sina wa kumlaumu.